Matuta ya Wegesa

Bomani, Tarime
3 Machi 1957

Dada Wegesa, shikamoo.

Huku kwetu tu wazima wote. Rhobi anakusalimu sana, anasema kile kikapu ulichomletea mwaka jana bado hakijalegea hata ukingo. Watoto wamepona kikohozi. Yule ng'ombe mwekundu wa marehemu baba amezaa ndama jike, na nimempa jina lako kwa sababu naye hapendi kufungwa kamba.

Sasa sikiliza neno lenyewe. Utakuwa umesikia kwamba litaundwa baraza jipya la pande zote mbili za mto Mara, la kutunga sheria ndogo zitakazofuatwa huku kwetu na huko Busawe. Kila eneo litapeleka mtu mmoja aliyechaguliwa na watu, si aliyeteuliwa na mtemi. Dada, nimeandikisha jina langu. Anayeshindana nami ni Machage, yule mwenye duka la mabati, ambaye mtemi anamwita mwanangu.

Nitasimamia mambo mawili tu. La kwanza nimeshalipata: nilimwandikia Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, mara tatu kwamba wanawake nao wachague, na safari ya tatu akakubali kwa eneo letu. La pili ni kwamba mjane abaki na shamba alilolifyeka mwenyewe, awe ameingia katika nyumba ya shemeji yake au amekataa. Huhitaji kuniuliza wazo hilo limetoka wapi.

Niambie shamba lako likoje. Na shemeji yako Rubeni anasemaje sasa?

Barua hii anakuletea Method, yule mnunuzi wa ngozi. Mpe maji anywe, lakini usimpe pombe kabla hajakukabidhi bahasha.

Mdogo wako,
Kornelio Mseti

*

Busawe
29 Machi 1957

Kornelio, marahaba.

Method alifika amelowa mpaka kiunoni, bahasha ameifunga kichwani kwa kitambaa. Nilimpa uji. Sisi huku hatujambo. Mvua ni nyingi, ulezi umestawi, mbuzi mmoja kaliwa na fisi. Kanisani wamepata kengele mpya, na katekista anaigonga kana kwamba sote ni viziwi.

Ulipoandika kwamba umejiandikisha nilicheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikaenda kupalilia. Tangu ulipokuwa unachunga ndama ulikuwa hujui kunyamaza. Siku ile baba alipokuchapa kwa kubishana na wazee, nani alikukanda mgongo? Basi leo usitake nikuambie unyamaze. Simama, mura, kijana wangu. Simama sawasawa.

Lakini jiulize na jambo hili. Wewe ni dresa wa zahanati, unakula mshahara wa serikali. Je, wakubwa zako wanasemaje dresa akisimama kushindana na mtoto wa mtemi? Hukuniandikia habari hiyo.

Shamba lipo. Rubeni naye yupo.

Ni mimi dada yako,
Wegesa

*

Bomani, Tarime
20 Mei 1957

Dada yangu, shikamoo.

Barua yako ya Machi imenifikia juzi. Method anasema mto ulijaa siku arobaini, akawa ng'ambo ya pili amekaa na ngozi zake zinaoza. Tumeshukuru kusikia kuwa u mzima. Huku mtoto wa pili ameng'oa jino la mbele, sasa akisema jina la Machage linatoka kama anapuliza moto.

Kampeni inakwenda vizuri kuliko nilivyotazamia. Jumapili nilisema na watu mnadani. Mzee mmoja alisimama akaniuliza, "Wewe Kornelio, mjane akibaki na shamba, nani atamwambia wakati wa kupanda?" Kabla sijafungua mdomo, mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo akajibu, "Nani alikuambia wewe? Si mkeo?" Watu walicheka mpaka mnada ukasimama.

Wanawake wanakuja, dada. Mama yake Rhobi, mkwe wangu, ndiye anayewakusanya kule kijijini kwao. Mimi siwezi kwenda kusema naye, unajua mwenyewe, lakini Rhobi anapeleka maneno na kuleta maneno. Mama mkwe ameahidi kuleta wanawake sitini. Machage amewakataza wa kwake wasije kabisa, anasema watamwaibisha.

Tutachagua kwa kusimama mstari nyuma ya mtu unayemtaka, tarehe 27 Julai, uwanja wa mpira wa shule. Hakuna karatasi.

Unasema shamba lipo na Rubeni yupo. Hilo si jibu. Niandikie vizuri.

Mdogo wako katika mbio hizi,
Kornelio

*

Busawe
9 Juni 1957

Kornelio,

Nimefurahi juu ya huyo mama wa mihogo. Nisalimie wote, na huyo wa jino mwambie shangazi yake anamtunzia karanga. Huku tumevuna ulezi. Uliojaa ghalani ni wangu, wa jasho langu.

Barua zako zote za zamani zilikuwa kwenye karatasi nzuri ya zahanati, yenye mistari ya buluu. Hii ya Mei umeiandika kwenye karatasi ya kufungia sukari. Inanata mpaka sasa. Mimi si mpelelezi, lakini najua karatasi. Umefukuzwa kazi au umeacha?

Nawe usiponijibu, usiniulize habari za shamba.

Wegesa

*

Bomani, Tarime
2 Agosti 1957

Dada, shikamoo.

Tu wazima. Mvua hakuna. Ndama anaendelea.

Nimeshindwa. Machage alipata watu mia mbili na kumi na wawili. Mimi nilipata mia moja sabini na mmoja. Wanawake walikuja, kisha wakarudi nyuma dakika ya mwisho. Waliogopa. Nilipigania miezi sita wasimame, na siku ya kusimama wakaogopa.

Kazi niliacha mwenyewe mwezi wa Aprili. Mkubwa wa zahanati alisema nichague dawa au siasa, nikamwachia funguo mezani. Sijuti. Nakuambia tena: sijuti.

Kornelio

*

Busawe
25 Agosti 1957

Kornelio mdogo wangu, marahaba, na pole.

Nimekaa na barua yako siku mbili kabla ya kushika kalamu, maana ningeandika siku ile ile karatasi ingeungua. Habari za hapa ni nzuri. Kengele imepasuka, tunalala.

Sasa nisikilize. Hawakuogopa. Method alikuwepo uwanjani siku hiyo na ngozi zake, na ameniambia yote, hapa kwangu, mbele ya moto, bila pombe. Wanawake wale walitoka kwao jogoo hajawika. Walifika uwanjani wanaimba. Lakini wanaume wako walikuwa wameshatangulia, wamejipanga mstari mmoja mrefu nyuma yako, kifua cha huyu kwenye mgongo wa huyu. Na wanaume hao ni akina nani? Ni wakwe. Huyu kaoa binti wa huyu mama, yule kaoa binti wa yule. Ulitaka mama mzima ajibanze nyuma ya mume wa binti yake, pumzi yake ikimpiga mkwe shingoni, mbele ya watu mia nne na karani?

Ensoni, ile aibu ya mkwe, haijui uchaguzi. Mama na mume wa binti yake hawakaribiani, basi. Wewe umekuwa mwanaume wa Kikurya miaka thelathini na mitatu, ukasahau siku moja tu, na siku yenyewe ndiyo hiyo.

Machage hakusahau kitu, maana hakuwaita wanawake kabisa. Wewe uliwaita wote kisha hukuwawekea mahali pa kukanyaga. Nakuambia hivi si kwa kukucheka. Naumia. Walikuwa wa kwako wale, Kornelio. Method anasema walisimama kando kwenye majani wakipiga kelele jina lako, na karani akasema walio nje ya mstari hawahesabiwi.

Na Method alipofika katika masimulizi yake kwa yule mama aliyekuwa wa kwanza kutoka mstarini, alikohoa akaomba maji, asimtaje jina. Nani huyo? Niambie wewe.

Nami nitalipa kwa neno langu. Rubeni alikata shamba langu kwa uzio wa miiba tangu mwezi wa tatu. Upande wa juu analima yeye. Amesema nikiingia nyumbani kwake kuwa mke wa nne ataung'oa uzio kwa mkono wake, na nisipoingia, ikifika mvua za vuli atachukua na upande wa chini. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unakimbia, na mtu anayekimbia hatupiwi mzigo.

Wegesa

*

Bomani, Tarime
15 Septemba 1957

Dada yangu, shikamoo tena na tena.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa chini, kwenye vumbi, na suruali yangu ya kanisani.

Hasira yangu ya kwanza ni kwa Rubeni. Miezi sita uzio umesimama na mimi nahutubia watu juu ya wajane! Ya pili ni kwangu mwenyewe, nayo ni kubwa zaidi.

Huyo mama wa kwanza alikuwa mkwe wangu, mama yake Rhobi. Ndiye aliyewaleta, ndiye aliyekuwa mbele yao. Karani alituamuru mimi na Machage tutazame bendera, tusigeuke mpaka hesabu iishe. Basi sikuona kitu. Nilisikia wimbo unakuja, unakuja, unafika mkiani mwa mstari wangu, na hapo ukakatika. Rhobi ndiye aliyeona. Anasema mama yake alitazama mstari mzima, akawaona wakwe zake wawili katikati, na mimi mbele kabisa. Akajifunika khanga kichwani, akatoka kando. Walio nyuma yake wakatazama, kila mmoja akamwona wa kwake. Rhobi aliwahesabu: sitini na wanne. Jumlisha mwenyewe na mia moja sabini na mmoja. Alimfuata karani akamwambia, "Hawa nao ni watu! Wahesabu hapo hapo walipo!" Karani akamwambia aende akapike.

Jioni ile nilifanya ubaya. Nilimwambia Rhobi, "Mwambie mama yako kiti changu kimekaliwa na khanga yake." Rhobi alinitazama, akafunga nguo, akaenda kwao wiki tatu. Alirudi kwa ajili ya watoto. Salamu hizi anakupa kweli, lakini mimi bado ananisemesha kwa maneno machache.

Nilimwandikia Bwana Shauri kwamba wale sitini na wanne walikuwa wangu. Amejibu kwamba hesabu imefungwa, na uchaguzi mwingine ni baada ya miaka mitatu. Mkubwa wa zahanati naye ameniita. Kazi yangu ipo, anasema, nikitia sahihi karatasi kwamba sitasimama tena katika uchaguzi wowote. Dada, tuna njaa kidogo, sikufichi. Ile karatasi nimeirudisha haina hata nukta ya wino. Tunalima karanga.

Nifanye nini juu ya shamba lako? Nije?

Kornelio

*

Busawe
20 Oktoba 1957

Mdogo wangu Kornelio, marahaba.

Usije. Kaa ulime karanga zako, maana nilichotaka kwako umeshanipa bila kujua. Soma taratibu.

Mvua za vuli zilipoanza, nilipiga matuta ya viazi upande wa chini, arobaini na matatu, peke yangu. Siku ya nane akaja Rubeni na maksai wake wanne na plau. Nikasimama mbele ya maksai. Akasema nitoke. Nikasema anilime na mimi. Majirani wakakusanyika, akaitwa jumbe.

Sasa jumbe wetu amependa sana mambo mapya ya huko Tarime. Tangu asikie habari za uchaguzi wenu, hata ugomvi wa kuku anataka watu wapange mstari. Akasema, "Keshokutwa asubuhi, wote waje hapa hapa shambani. Anayesema shamba ni la Rubeni asimame kwa Rubeni, anayesema ni la mjane asimame kwa mjane. Nitahesabu." Rubeni akatabasamu. Wanaume wa ukoo wao ni wengi, na alijua kama nijuavyo mimi kwamba wanawake hawatajipanga mkia kwa mkia na wakwe zao.

Siku nzima ya kesho yake nilizunguka nyumba kwa nyumba. Sikuwaomba huruma. Niliwaambia habari za uwanja wa Tarime, za wale sitini na wanne. Mama mmoja aliguna, akasema, "Walitembea usiku kucha ili wahesabiwe majani?" Nikamwambia, ndiyo, na sisi hatutahesabiwa majani. Kila mtu tuta lake.

Asubuhi ilipofika, Rubeni alipanga watu wake juu, kwenye uzio. Ishirini na tisa, mstari umenyooka. Wa kwangu wakaingia shambani. Akina mama wenye wakwe walishuka matuta ya chini kabisa, karibu na kijito, wakatazama kijito. Wanaume walionitaka, na walikuwepo, Kornelio, usidhani hawakuwepo, walikaa matuta ya juu, wakatazama mlima. Katikati nikaweka wasichana na wazee wasio na mkwe hapo. Kila mtu na tuta lake, mfereji kati yake na mwenzake, hakuna pumzi ya mtu kwenye shingo ya mtu. Mimi nikasimama pembeni, kwenye njia, nisiwe mbele ya yeyote.

Jumbe akakasirika. "Huu si mstari!"

Nikamwambia, "Mzee, ulisema wasimame kwangu. Kwangu ndiyo hapa. Nimepalima kwa mkono wangu. Hesabu."

"Sitahesabu watu waliotawanyika kama mbuzi."

Yule mama aliyeguna akasema bila kugeuka, uso uko kijitoni, "Basi usihesabu. Sisi tutakaa."

Tukakaa. Jua likapanda. Watu wa Rubeni walianza kuchuchumaa, kisha mmoja akakumbuka ng'ombe wake, mwingine akakumbuka mgeni wake. Wa kwangu hawakutoka. Mtoto alipolia, alinyonyeshwa pale pale kwenye tuta. Mchana ulipofika, jumbe alitazama mstari wa Rubeni akaona kumi na mmoja. Akashuka shambani, akatembea tuta kwa tuta, akahesabu kwa fimbo. Matuta arobaini na matatu yalikuwa yamejaa, na watu saba njiani hawakupata tuta.

Rubeni ameondoa maksai. Uzio wa miiba tuliung'oa siku ile ile, viganja vyangu bado vinauma ninapoandika. Lakini alipokuwa anaondoka alisema, "Hiyo ni leo. Hakuna sheria inayosema hivyo." Na hapo, Kornelio, hakusema uongo. Siku jumbe huyu akifa au akinunuliwa, ataweza kurudi. Siwezi kuwasimamisha watu kwenye matuta yangu kila vuli.

Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba ulishindwa na mambo yamekwisha. Utasimama tena. Na kabla ya hapo, nenda ukamtake radhi yule mama. Utajua namna.

Dada yako, na shamba lake,
Wegesa

*

Bomani, Tarime
8 Novemba 1957

Dada Wegesa, shikamoo.

Nilimsomea Rhobi barua yako. Nilipofika kwenye yule mama wa kijitoni, alininyang'anya karatasi akaisoma mwenyewe, mara mbili, kisha akacheka. Ni mara ya kwanza tangu Julai. Watoto wakaanza kuwapanga kuku mistari uwanjani.

Nilikwenda kwa mama mkwe Jumamosi. Nilisimama nje, mbali, nyuma ya zizi, ambako tusingeonana. Rhobi aliingia ndani. Nilimtuma maneno haya, wala sikuyapamba: kwamba nilimkosea, kwamba aliniletea watu sitini na wanne na mimi sikuwa na mahali pa kuwaweka, kwamba lile neno la khanga nalirudisha mdomoni mwangu nalimeza. Na kwamba mwaka wa 1960 nitajiandikisha tena, nimtake karani anayehesabu uwanja mzima, na kama hatakubali, nitaupiga uwanja matuta kwa jembe langu.

Rhobi alikawia. Nilisikia wanazungumza Kikurya, chini chini. Nilihesabu fito za zizi mara tatu, mimi niliyemrudishia mkubwa wa zahanati karatasi yake bila kufikiri mara mbili.

Alipotoka, alisema mama yake ameuliza swali moja tu: uwanja ule una ncha ngapi? Rhobi akamjibu, mbili.

"Basi mwambie asimame kwenye ncha moja," mama mkwe akasema. "Mimi na wangu tutasimama kwenye ile nyingine. Na wakimwambia asigeuke, asigeuke. Safari hii wimbo hautakatika."

Sitageuka, dada.

Kornelio